Tura, Mahali pa Kutua Mzigo

 

Siku moja nilikuwa Tura, wilaya ya Uyui, nimeketi na mzee mmoja chini ya mwembe tukizungumza habari za njia ya zamani. Nilikuwa na daftari, naandika. Mzee akanitazama kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, na wewe unasomea udaktari?"

Nikamwambia, hapana mzee wangu, mimi ni mtu wa redio tu.

Akacheka. "Nimeuliza kwa sababu alikuja kijana hapa, ana daftari kama lako na kinasasauti. Alisema anasomea udaktari wa historia. Watu wakadhani daktari wa hospitali, mama mmoja akamletea mtoto mwenye homa. Mimi nilimpa siku tatu nzima. Nilimsimulia habari za babu yangu aliyekuwa mpagazi. Akaaga, akasema akimaliza atarudi. Basi wewe mtu wa redio hebu nieleze: huo udaktari unakwisha lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Leo naomba nilitafute mbele yenu, kwa sababu swali la mzee ni zito kuliko linavyosikika.

Nianze na mahali penyewe. Tura iko kwenye reli ya kati, upande wa mashariki wa mkoa wa Tabora. Lakini kabla ya reli, kulikuwa na miguu. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda hadi Ugogo, ukalipa hongo kwa watemi wa huko ili upite na kunywa maji, kisha ukaingia Mgunda Mkali. Hilo lilikuwa pori refu, la kiu na uchovu. Aliyelivuka salama alitokea kwenye mashamba ya watu, na makazi ya kwanza ya Unyamwezi aliyoyakuta ni Tura. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapa na mwenzake John Speke mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo maana yake ni "tua", yaani weka mzigo chini. Anayejua Kinyamwezi hahitaji Burton amwambie hilo.

Fikiria mpagazi aliyebeba frasila mbili begani, kiasi cha kilo 32, vitambaa au shanga au nyaya za shaba. Mbele yake anatembea kirangozi, kiongozi wa njia, amejipamba kwa manyoya na shuka nyekundu. Kutoka pwani mpaka Kaze, ndiyo Tabora yetu ya leo, Burton alitumia siku 134. Alifika tarehe 7 Novemba 1857. Kwa mpagazi Mnyamwezi, Tura ilikuwa mahali pa kukanyaga tena ardhi ya kwao baada ya miezi.

Sasa turudi kwa kijana wetu mwenye kinasasauti. Shahada anayoisomea inaitwa kwa Kiswahili shahada ya uzamivu. Neno hilo ni la watu wa pwani. Mzamivu ni yule anayezama baharini akatafuta kilicho chini. Zuri sana, lakini huku bara hakuna bahari, na mimi naona safari ya mwanafunzi huyu inafanana zaidi na ya mpagazi. Anabeba, anapita kituo kwa kituo, na katika kila kituo kuna mtu anayedai hongo yake.

Tuvitazame vituo hivyo, maana wengi wetu tunamwona mtu siku ya mahafali tu, amevaa joho jekundu, ndugu wanapiga vigelegele. Hatujui alikopita.

Katika mfumo wa vyuo vikuu wa Tanzania, uzamivu uko ngazi ya 10, na juu yake hakuna ngazi. Mtu anafika hapo akiwa na shahada ya kwanza na ya uzamili. Kwa kawaida mpango ni miaka mitatu, ila katika fani za historia, lugha, fasihi na falsafa si ajabu kumkuta mtu yuko mwaka wa tano au wa sita, ana watoto wanaosoma na mwajiri anayeuliza.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya tasnifu peke yake: unapewa msimamizi, unatafiti, unaandika, unatetea. Huo ndio utaratibu tuliourithi kwa Waingereza. Ya pili ni ya kozi na tasnifu: unakaa darasani kwanza, unasoma nadharia na mbinu za utafiti, unafanya mitihani, ndipo unaruhusiwa kwenda kutafiti. Wamarekani wameishika sana hii. Kwao, mwanafunzi wa historia husoma kozi kama miaka miwili, huonyesha kwamba anasoma lugha nyingine mbali na yake, kisha hukabili mtihani mkuu kuhusu vitabu vyote vya uwanja wake. Hapo bado hajaandika hata sura moja ya tasnifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina njia zote mbili, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ile TATAKI iliyoundwa mwaka 2009 kutokana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na idara ya Kiswahili, hufundisha wazamivu ambao tasnifu zao huandikwa kwa Kiswahili.

Utaniuliza, kozi za nini kwa mtu mzima mwenye shahada mbili? Nami nitakuuliza: mzee anapokuambia babu yake alikwenda pwani kwa hiari yake, umesikia nini? Umesikia ukweli? Umesikia heshima ya ukoo? Umesikia jibu ambalo babu mwenyewe alimpa mkoloni aliyemuuliza? Au umesikia yote matatu kwa mara moja? Kusikiliza namna hiyo hakuji kwenyewe, hata kwa mwenye shahada mbili. Darasani anafundishwa kuuliza habari imetoka kwa nani, imepita vinywa vingapi, na nani anafaidika ikisemwa hivyo.

Baada ya hapo linakuja pendekezo la utafiti. Hapa ndipo wengi wanaporudi nyumbani wakilia. Unatakiwa useme unatafuta nini ambacho hakijatafutwa. Unasoma waliotangulia, unaonyesha wameacha pengo gani, unataja nadharia utakayotumia, unasimama mbele ya idara na walimu wanakuuliza: wewe pengo hili umeliona, au umelichimba mwenyewe ili upate la kufukia? Ukishindwa kujibu, unarudi kuandika upya.

Ukipita, unapewa barua. Ndugu msikilizaji, kama kuna mahali ambapo hongo ya Ugogo bado inaishi, ni hapa, isipokuwa siku hizi inalipwa kwa mihuri. Barua inatoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Tabora mjini. Huko wanakuandikia nyingine ya wilaya, unakwenda Isikizya, makao makuu ya Uyui. Wilaya wanakuandikia kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kata anakupeleka kwa mtendaji wa kijiji, naye anamwita mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti ndiye anayekuonyesha mwembe alipokaa mzee. Simkejeli yeyote. Barua hizo zinamlinda mwananchi asije mtu yeyote tu akachota habari za nyumba yake. Lakini angalia jambo moja: barua zote zinashuka, kutoka chuo kwenda kwa mzee. Hakuna hata moja ya kupanda. Mzee hana muhuri wa kuuliza kazi imefika wapi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Kuna wakati mzee kama huyu hakuhesabiwa kabisa. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika vyuo vingi vya Ulaya, historia ilikuwa maandishi. Pasipo maandishi, walisema, pana ngano tu. Mkenya Bethwell Ogot alipoamua kuandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London kuhusu Wajaluo wa kusini, ilimbidi ategemee masimulizi ya wazee, na ilimbidi apambane ili masimulizi hayo yakubalike kuwa ushahidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Hapa kwetu Isaria Kimambo alifanya vivyo hivyo kwa Wapare, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Mbelgiji Jan Vansina, aliyekuwa amefanya kazi Kongo, alikwisha kuandika mwaka 1961 kitabu kizima kuonyesha jinsi masimulizi ya mdomo yanavyoweza kupimwa kama hati inavyopimwa: kulinganisha msimulizi na msimulizi, ukoo na ukoo. Kwa kazi za watu hao, neno la mzee liliingia katika tanbihi za tasnifu. Ushindi huo haukuwa mdogo.

Lakini kuingia katika tanbihi si kuingia katika mazungumzo.

Nikupe mfano wa njia hii hii yetu. Mwaka 1972 Mnigeria mmoja, Alfred Unomah, alikamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu uchumi na siasa za Unyanyembe kati ya miaka ya 1840 na 1900. Unyanyembe ndiyo nchi iliyoizunguka Tabora. Na chuo kilichompa shahada hiyo ni Ibadan, Nigeria. Miaka 25 baadaye, mwaka 1997, Stephen Rockel alipata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kwa tasnifu kuhusu wapagazi wa misafara ya karne ya 19. Alikuja kuitoa kama kitabu mwaka 2006. Katika kitabu hicho anapinga picha ya zamani ya mpagazi kama mnyama wa mizigo au mtumwa. Anamwonyesha Mnyamwezi kama mfanyakazi mwenye ujuzi, mwenye fahari ya kazi yake, anayejadiliana ujira na anayejua kugoma.

Mimi nilipoyasoma hayo nilifurahi kama mtu aliyeambiwa habari njema za ukoo wake. Kisha nikajiuliza: babu wa mzee wangu yumo katika hoja ile, na hoja ile ilipimwa na kukubaliwa Toronto. Habari za Unyanyembe zilipimwa Ibadan. Mzigo ulibebwa kutoka Unyamwezi ukatuliwa Kanada na Nigeria. Siwalaumu wenyewe, wamefanya kazi ya heshima, na bila wao tungebaki na Burton peke yake. Nasema tu kwamba njia ya misafara bado ipo, na bidhaa bado zinaelekea nje.

Wala jambo hili si geni. Burton alipofika Kaze alikaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Huyo ndiye aliyeketi naye siku baada ya siku, akamweleza habari za nchi, watu na lugha zake, na njia za kwenda kwenye maziwa. Mwaka 1859 Burton alipewa medali ya dhahabu na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mwaka 1860 akatoa kitabu. Na haki tuiseme, Burton alimtaja Snay na kumsifu. Lakini Snay hakupata nafasi ya kusema: hapa umenielewa vibaya.

Sasa tumfuate kijana wetu mpaka mwisho wa safari yake. Amerudi chuoni na saa nyingi za sauti. Anazinukuu neno kwa neno, kazi ya miezi. Anachambua. Anaandika sura ya kwanza, msimamizi anairudisha imejaa wino. Kila baada ya muda anawasilisha taarifa ya maendeleo. Vyuo vingi siku hizi vinamdai pia achapishe makala katika majarida ya kitaaluma kabla ya kuhitimu, na jarida linaweza kukaa na makala yake mwaka mzima bila kumwambia ndiyo wala hapana. Hatimaye anakabidhi tasnifu. Inapelekwa kwa mtahini wa ndani na mtahini wa nje. Nao wakiridhika, anaitwa kuitetea kwa mdomo mbele ya jopo. Wanamuuliza, anatoka nje, wanashauriana, anaitwa ndani, anaambiwa: umefaulu, nenda kafanye masahihisho. Anafanya. Anajalidi. Nakala inakwenda maktaba. Joho jekundu. Vigelegele.

Kwa kanuni za chuo, udaktari umekwisha hapo.

Lakini tuhesabu wale waliomtahini. Mtahini wa ndani anaijua nadharia. Mtahini wa nje anavijua vitabu vyote vilivyotangulia. Jopo linajua kanuni. Nani katika hao aliyemjua babu wa yule mzee? Nani anayeweza kusema kwamba kituo kilichotajwa ukurasa wa 140 hakiko mashariki ya mto, kiko magharibi? Hakuna. Tasnifu imepimwa na kila mtu isipokuwa mwenye habari.

Ndiyo maana nasema pana sharti moja lililosahaulika katika orodha ya masharti ya uzamivu wa fani hizi za utu: kurudi. Kabla ya kuhitimu, mwanafunzi arudi alikochukua maneno, akiwa na kurasa kumi, kumi tu, za Kiswahili cha kawaida, zinazosema: niliwasikia hivi, nikaelewa hivi, nimehitimisha hivi. Azisome katika baraza la kijiji. Asikilize. Aandike walichopinga, na mapingamizi yao yaingie katika tasnifu yenyewe, sura fupi ya mwisho. Kisha nakala ibaki shule ya kata, nyingine Tabora mjini, ambako tuna chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo.

Najua watakaonijibu.

Wa kwanza atasema hakuna fedha. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nazungumza kutoka studio. Lakini fedha za kwenda kukusanya zilipatikana, zikaandikwa katika bajeti kwa mistari: nauli, posho, betri za kinasasauti. Mstari wa kurudi haukuandikwa kwa sababu hakuna aliyeudai. Ukidaiwa na chuo, utaandikwa.

Wa pili atasema lugha. Tasnifu yake ni ya Kiingereza, na nadharia zake hazitafsiriki. Huyo nitamjibu kwa ukali kidogo. Mzee alikueleza kwa Kiswahili na Kinyamwezi, ukaelewa vizuri hata ukaandika kurasa 300. Kama wewe sasa huwezi kumrudishia alichokupa kwa lugha aliyokupa, basi pengine nadharia haijaeleweka kwa mwenye kuitumia.

Wa tatu ndiye mwenye hoja, na sitamjibu kwa ukali. Atasema: historia ya njia hii si pembe za ndovu na shanga tu. Ni pia utumwa. Wapo watu katika vijiji vyetu ambao babu zao waliletwa wakiwa wamefungwa, na wapo ambao babu zao ndio walionunua. Wamekaa pamoja, wameoana, wamefunika. Mtafiti aliyeambiwa siri na nyumba moja, akirudi kuisoma hadharani, anaweza kuwasha moto ambao yeye hatakuwepo kuuzima. Ni kweli kabisa. Kurudi hakumaanishi kumwaga kila kitu uwanjani. Yapo ya kusomwa barazani na yapo ya kupelekwa nyumbani kwa mtu usiku, mlango umefungwa, kumuuliza: hili niliandike, au nilifunike? Lakini tazama, hata hilo la kufunika huwezi kulijua usiporudi. Fomu ya ridhaa aliyoitia mzee dole gumba siku ya kwanza haikujua kitabu kitasema nini.

Na nisiwe mdhalimu: wapo wanaorudi. Nimewasikia, wanakuja na picha, na kilo ya sukari, na kitabu chenyewe. Wanarudi kwa sababu walilelewa hivyo, si kwa sababu kanuni iliwadai. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji gani anapona kwa mgeni anayeondoka na dawa?

Sasa nimalizie kwa mzee wangu, maana sijakwambia kilichotokea baada ya swali lake.

Nilijaribu kumtetea kijana. Nikasema, mzee, usivunjike moyo, masomo haya ni marefu, labda bado anaandika, labda amepata kazi mbali. Na nilidhani, nakiri, kwamba mzee anasikitika kusahauliwa. Kwamba anataka kushukuriwa.

Akanitazama kama anayemtazama mtoto.

"Sisikitiki," akasema. "Kuna jina nilimkosea. Nilimwambia babu alizikwa kwenye kituo fulani, wakati wa kurudi kutoka pwani. Kijana alipoondoka, usiku nikalala nikakumbuka: siyo pale. Marehemu mama yangu alikuwa akipataja pengine, mbele zaidi. Nimekaa na jambo hili rohoni. Asije akaliandika vile nilivyosema, watu wakasoma, kaburi likawa mahali ambapo halipo."

Hapo nikaelewa kwamba huyu ndiye mtahini ambaye chuo hakikumwalika. Ana sahihisho moja, na anangoja kulitoa. Nikalifungua daftari langu, nikaliandika lile jina la kweli, nikalisoma kwa sauti mara mbili, mzee akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo, kijana wetu, popote ulipo, hata kama joho umekwisha kulivaa na kulikunja: kuna sahihisho lako Tura. Ninalo mimi, lakini si langu kulitoa. Treni ya Kigoma bado inasimama. Mzee yuko chini ya mwembe.